Blanketi Lisiloanikwa Nje

Mimi nina mdomo, sikatai. Tangu niko darasa la pili watu wanasema huyu Ruthu ni kama cherehani ya umeme, ukiikanyaga haikomi. Kwa hiyo acheni niseme lote kuhusu ukuta wangu wa viraka, ambao bodaboda wote wa Ipagala, hapa Dodoma, sasa wanautumia kuelekezana njia. Ukuta ule ulikaribia kunitoa roho.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nimeirithi kwa mama yangu, Angelina, ambaye soko zima la Majengo wanamwita Mama Ruthu. Nimerithi pia kibao chake: KWA MAMA RUTHU KITAMBAA CHAKO HAKILIWI. Mafundi mnatujua. Unampelekea mtu mita tatu, anakwambia hazikutosha mikono mirefu, wiki inayofuata mwanawe kavaa kaptura ya maua yako. Kwa mama hayo hayakuwapo, na mteja akinitazama kwa jicho la wasiwasi wakati nakata, namwonyesha kibao. Kibao hicho ndicho kinachotulisha.

Sasa, blanketi. Nimekua nikifunikwa blanketi la viraka alilolishona mama mwenyewe, vipande vya vitenge, kila kimoja upana wa kiganja. Nalipenda kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Mama akilifua, alilitandaza juu ya viti sebuleni, mlango umefungwa. Nje halikuanikwa hata siku moja. "Jua litalifubaza," ndivyo alivyosema, nami nikaamini. Mwaka huu likaanza kuchoka, ukilivuta hapa linaachia pale, mama akasema tulifanye dekio la sakafu. Dekio! Nilikasirika nusura nilie.

Mama alipokwenda Hombolo kwa dada yake kuvuna zabibu, ndipo nikapata wazo. Nyumba yetu ilikuwa imepigwa plasta, rangi bado. Kwa nini blanketi lisihamie ukutani? Nikanunua makopo saba ya rangi ya mafuta. Nikaupima ukuta wa mbele kwa futi kamba kama napima nyonga za bibi harusi, nikachora miraba kwa chaki, nikabandika selotepu ili mistari isiyumbe. Kisha nikalitundika blanketi nje, mchana kweupe, nikaanza kuiga kiraka kimoja kimoja: kuku wa njano, majani ya buluu, feni, taa, ndege wa dhahabu kwenye zambarau. Siku tisa. Nilipomaliza nilisimama barabarani nikajipigia vigelegele mwenyewe.

Wa kwanza kunitia doa alikuwa jirani yetu, Mama Cecilia. Alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akatazama, akatua ndoo.

"Ruthu, hao kuku wa njano umewatoa wapi?"

"Kwenye blanketi la mama."

"Hiyo ni sare ya harusi ya mdogo wangu. Mama yako aliniambia kitambaa hakikutosha mifuko."

Nikacheka. Nikamwambia vitenge vinafanana, kuku wa njano wako kila duka. Akasema, "Haya mwanangu, njia ya mwongo ni fupi," akajitwika ndoo yake akaenda. Jioni wakaja wanawake watatu. Kesho yake saba. "Hicho changu!" "Na ile feni pale juu ya dirisha, siyo ya kwaya yetu?" Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, wengine hawakucheka kabisa. Mmoja akasema, "Hakiliwi, eti! Kinapakwa ukutani." Jumanne mteja wangu mzuri alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Alikitazama kibao tu, akakunja kitambaa, akaondoka. Hapo nikaogopa.

Mama alirudi Jumamosi na kikapu cha zabibu. Alishuka kwenye bajaji, akauona ukuta, akaweka kikapu chini.

"Ruthu! Umenianika!"

"Mama, kumbe ni kweli?"

"Ni kweli."

Jamani, niliumia. Miaka yote ninajigamba kwa kibao cha uongo! Nilimwambia hivyo hivyo, mdomo wangu mnaujua. Nikaingia ndani, nikatoka na kopo la rangi nyeupe na brashi pana. "Nafuta vyote, leo hii."

"Usifute," mama akasema, kakaa kizingitini. "Hivyo ni vya watu."

Kabla sijamjibu, akafika Bi Hamida. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, anauza alizeti na ulezi Majengo, na ndiye mtu pekee sokoni anayenishinda mdomo. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege wa dhahabu, akawawekea kidole.

"Kilemba changu," akasema. "Nilikwenda harusi ya kaka yangu Nurdini kichwani nimefunga mtandio wa kuazima. Mama Ruthu, uliniambia kitambaa hakikutosha."

"Kilitosha, Hamida. Nilikikata."

"Kwa nini? Mimi na wewe tulikuwa tunakula sahani moja!"

Mama alinitazama mimi, siyo yeye. "Huyu alizaliwa mwezi wa saba, mimba haijatimia miezi. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unaujua. Hospitali walisema baridi ikimpata, basi. Nilikuwa na kanga mbili, na moja naivaa. Nikawa nakata kiganja kwa kila mteja. Kiganja tu, nikidhani hakuna atakayejua. Blanketi lilianza dogo kama leso, likakua naye. Alipotimiza mwaka, nikaacha. Ndipo nikaandika kile kibao, nikakitundika mahali nitakapokiona kila nikishika mkasi."

Mimi nilikuwa nimesimama na brashi yangu. Nililia, wala sioni aibu kusema. Kuku wa njano, feni ya kwaya, taa, majani ya buluu: wanawake wote wale waliokuja kuninyooshea vidole walikuwa wamenifunika.

Bi Hamida akanisogelea.

"Weka brashi chini. Geuka," akasema.

Nikageuka. Akanizungusha taratibu kwa mabega, kama mteja anayekagua gauni kabla ya kulilipia.

"Miaka ishirini na minane najiuliza kilemba changu kilikwenda wapi," akasema. "Kilikutosha?"

"Kilinitosha, Bi Hamida. Shikamoo."

"Marahaba." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaiokota brashi pana, akaiweka kando. "Sasa chukua ile ndogo, na rangi ya dhahabu. Ndege wangu walikuwa na mikia mirefu. Hawa umenichorea vifaranga."