Sanda Iliyotiwa Uzi

Sumaili, fundi cherehani wa mji wa Kasongo huko Kongo, alikuwa mpole kwa vitambaa na mbishi kwa watu. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, daktari alipomweleza ugonjwa wake, alibisha hata akiwa amelala chali kitandani hospitalini.

Mshipa mkubwa utokao moyoni, daktari alisema, umevimba pale tumboni kama mpira wa baiskeli uliochoka, na siku yoyote utapasuka. Watampeleka Leopoldville, mji mkuu, kwa ndege. Huko watakata palipovimba na kushonea mrija wa kitambaa cha nailoni.

"Hapana," Sumaili alisema. "Mimi niko Mwislamu. Mutu anaingia mu kaburi na sanda ya bila kushonwa. Mimi nitaingia namna gani na nguo ya kushonwa mu tumbo?"

Mwalimu wa msikiti alikuja kumwambia kwamba dawa ni dawa na sanda ni sanda. Sumaili akageukia ukuta. Lakini Aziza, mkewe, alijua kinachomsumbua. Hakuogopa nailoni, aliogopa kufia mbali, mikononi mwa watu asiowajua. Sanda yake alikwisha kuikata mwenyewe zamani, iko nyumbani, sandukuni chini ya kitanda, na sasa alikuwa anangoja tu kuvikwa.

Aziza alikasirika, maana alimpenda. Kila alipomsugua mafuta tumboni, uvimbe ule ulimdunda kiganjani, naye siku zote alidhani ni nguvu za mumewe. Alirudi nyumbani, akaburuta sanduku, akaitoa ile sanda nyeupe, akaketi kwenye cherehani ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuigusa.

Kesho yake aliingia hospitali na kanzu. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na pindo lilipanda na kushuka. Sumaili alipapasa kitambaa, akakitambua papo hapo.

"Mama Kasimu! Umefanya nini? Hii iko sanda yangu!"

"Ilikuwa sanda. Sasa iko kanzu. Wewe mwenyewe umesema, mutu hazikwi na nguo ya kushonwa. Basi hauna sanda, Baba Kasimu, hauwezi kufa. Panda ndege, upone, urudi ukate ingine. Na mimi nakuja na wewe."

Sumaili alicheka mpaka muuguzi akaja kumkataza. Kisha akalia, ameushika mkono wa mkewe, na alipomaliza kulia akaomba avalishwe ile kanzu.

Walirudi kutoka Leopoldville mvua zilipoanza, Sumaili amekonda, na kovu refu tumboni. Alipona, akarudi kwenye cherehani yake na ubishi wake. Kila Ijumaa alikwenda msikitini na kanzu ile ile iliyopinda, watu wakamcheka, fundi mzima, naye hakugusa hata mshono mmoja.

Sanduku likabaki tupu. Aziza alipomkumbusha kukata sanda nyingine, Sumaili alisema wateja wamekuwa wengi, bado hajapata nafasi.