Mpira Uliosimama Juu ya Ndiva

Kokoto moja ilibaki katika mfuko wa kulia wa mwamuzi Mwamvita, maana yake ulibaki mpira mmoja tu wa kurushwa. Alama za timu ya shamba la mkonge na za timu ya kitongoji zilikuwa sawa. Jua lilikuwa bado kali upande wa Same, na watazamaji walikuwa wameanza kutukanana.

Uwanja huo wa kriketi zamani ulikuwa ndiva, bwawa ambamo maji ya mfereji kutoka mlimani yalihifadhiwa yakisubiri zamu ya kila mkulima. Muhidin, meneja wa shamba la mkonge, aliifukia kwa udongo, akaisawazisha na kupanda nyasi. Tangu hapo mahindi ya kitongoji hukauka kabla ya kubeba. Wazee walipomfuata, aliwaambia mbele ya watu kwamba vijana wao wakicheza na timu yake bila kufungwa, ataifukua. Sare ingetosha.

Alasiri ndiyo saa ambayo zamani mfereji ulielekezwa ndani ya ndiva ili ijae usiku kucha. Kwa hiyo alasiri hiyo mipira ilianza kwenda polepole, na wachezaji wakawa wanakimbia wakipanua mikono kama watu wanaovuka mto. Mwamvita aliliona hilo. Hali ilikuwa ileile kwa timu zote mbili, na mwanga ulitosha. Aliruhusu mchezo uendelee.

Yona, nahodha wa kitongoji, akakimbia, akarusha. Mpira ulifika katikati ya njia, ukapunguza mwendo, ukasimama hewani usawa wa kiuno. Mpira wa kriketi una kiini cha gome jepesi la kutengenezea vizibo, hivyo huelea majini. Ulikuwa ukicheza kidogo kidogo mbele ya mpigaji, Swalehe, karani wa shamba.

"Niusubiri, au niufuate?" Swalehe aliuliza.

"Usiuguse," Mwamvita alisema.

Sheria anaijua. Mpira uliorushwa ukisimama mbele ya mpigaji kabla haujamgusa wala kugusa gongo lake, ni batili. Wachezaji huita noboli. Mwamuzi ananyoosha mkono, anatangaza hapohapo kwamba mpira umekufa, na upande wa mpigaji unapewa alama moja. Sheria haisemi usimame juu ya kitu gani.

Yona alikwisha kuona mkono wa Mwamvita ukianza kuinuka.

"Dada, ngoja! Haukusimama wenyewe. Umezuiwa na maji. Kitu cha nje kikizuia mpira, unaufuta tu, narusha tena. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni kweli, aliwafundisha yeye, na kifungu kilikuwa sahihi.

"Maji gani?" Meneja Muhidin alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Mwamuzi, nionyeshe maji. Udongo nimeumwaga mwenyewe, malori kwa malori."

"Muulize alijifunzia wapi kuogelea!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa kitongoji. "Au wali wa meneja umemsahaulisha?"

"Na nyama juu!" mwingine akadakia.

Mwamvita alijifunzia kuogelea hapo hapo, karibu na pale vilipochomekwa vijiti vya lango la upande wa magharibi, palipokuwa na kina. Hilo halikuwa ushahidi. Aliinama, akachovya mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko chini ya usawa wa mpira. Ulihisi baridi na uzito. Akautoa, akautazama pande zote mbili. Ulikuwa mkavu. Akapapasa nyasi. Kavu.

"Uwanjani hakuna maji," alisema. Akanyoosha mkono. "Noboli. Mpira umekufa. Alama moja kwa shamba. Mchezo umekwisha."

Yona alimtazama.

"Mahindi yetu yakikauka, utatulisha wewe?"

"Mimi naamua mpira, Yona."

"Haya. Amua."

Muhidin alisimama akakung'uta suruali. Hakumpongeza mtu. Alimwambia Swalehe kwamba kuanzia mechi ijayo watacheza asubuhi, kabla pale katikati hapajaanza kusumbua, na kwamba mpira ule uachwe, utashuka wenyewe. Kuhusu kufukua ndiva, hakuna aliyemuuliza.

Mwamvita aling'oa vijiti. Ndiva ilikuwa imeendelea kujaa, na sasa ilimfika mbavuni. Alilipandisha koti lake jeupe la uamuzi mpaka kwapani, akalishika kwa mkono mmoja, vijiti akaviweka begani, akatembea taratibu kuelekea ukingoni, akipapasa chini kwa unyayo kabla ya kila hatua.

Shangazi yake, Bi Rabia, alikuwa amesimama pale ukingoni na dumu tupu.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Rabia aliliweka dumu chini. Alimwangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye ule mkono ulioshika koti.

"Unalipandisha la nini?" aliuliza.

Mwamvita akaliachia. Liliposhuka lilikuwa kavu, kama alivyoamua.