Nanihii na Jicho la Mkewe

Mafundi wenzake walimwita Nanihii, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi bomba hodari, mwenye mikono mipana na subira ya punda, ila maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Spana ilikuwa nanihii. Koki ilikuwa nanihii. Bomba likipasuka, lilikuwa limefanya nanihii. "Nipe hiyo nanihii niikaze hii nanihii isije ikananihii," angesema akiwa amelala chali chini ya sinki, na mwenzake, ambaye walikuwa chanda na pete tangu ujana, angempa kitu chenyewe bila kukosea.

Wateja ndio waliopata taabu. Mama mmoja aliambiwa mbele ya wageni wake kwamba nanihii yake imelegea na inahitaji kukazwa, akamtoa jikoni kwa ufagio.

Nyumbani hakuwa na shida, kwa sababu kulikuwa na mkewe. Huyo alikuwa fundi cherehani, akifanya kazi zake kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, na maneno hayakumpiga chenga hata siku moja. Mteja akija na kitambaa mkononi akasema, "Fundi, nataka gauni zuri," yeye humkalisha akamdodosa. Shingo ya duara au ya mchongoko? Mikono ya kubana au ya puto? Kiunoni liwe na marinda, au limwagike tu? Kabla hajaishika kanda ya kupimia, mteja alikuwa ameshajua anachotaka, jambo ambalo mara nyingi hakulijua alipoingia mlangoni.

Mumewe naye akirudi jioni na kusema, "Leo kule mjini kulikuwa na nanihii," yeye ndiye aliyemtafutia. "Foleni? Ugomvi? Msako wa polisi?" Mume hutikisa kichwa, hutikisa tena, mpaka neno lipatikane, kisha hula chakula chake akiwa ameridhika, kana kwamba amelisema mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakalea watoto wawili, na watoto wakakua wakaenda kujitegemea miji mingine.

Siku ya mkasa mke alikuwa anapinda suruali ya dangirizi, pale chini ambapo kitambaa hukunjwa na kuwa kinene kama mkeka. Sindano ikakwama. Badala ya kuichomoa akakanyaga kwa nguvu, nayo ikakatika, kipande kikaruka kikamwingia jicho la kulia. La kushoto liliharibiwa na surua utotoni, na tangu hapo liliona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo kichuma kisichofika punje ya mchele kilimzimia kila kitu kwa mara moja.

Hospitalini walikitoa, wakashona kidonda. Daktari alieleza kwamba jicho lingefunikwa mpaka siku ya kurudi, lifunuliwe wakati wa kutiwa dawa tu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya haraka, alimfundisha mume jinsi ya kunawa mikono, kushusha kope la chini na kudondosha dawa bila kuligusa jicho. Kisha akamwandikia namba ya simu ya wodi. "Ukiona jambo si la kawaida, baba, usikae nalo. Piga."

"Sawa," alijibu mume. Hilo neno alikuwa nalo.

Alimwomba mwenzake ashike kazi za mchana, yeye akabaki na za asubuhi peke yake, ili nusu ya siku akae nyumbani. Mkewe alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amefungwa bandeji, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Nani huyo amepita?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Baadaye akasikia bati linalia. "Mvua hiyo?"

"Ndiyo."

"Mvua gani?"

Mume akachungulia nje, akaitazama vizuri, akafikiri. "Ya maji."

"Hee! Nilidhani ya maziwa," alisema mke, akacheka mpaka akashika mbavu. Mume naye akacheka. Lakini kicheko cha mke kilikatika ghafla, akageuzia uso ukutani.

"Mwenzangu," alisema, "mimi hapa sina macho. Macho yangu ni wewe. Ukiniambia mtu tu, mvua tu, nitakaa gizani mpaka lini? Nataka kujua kama ni manyunyu au ni mvua ya kuezua mapaa. Nataka kujua aliyepita ni mzee au kijana, kavaa nini, anakimbia au anajikokota. Wewe unaviona vyote hivyo, unaninyima."

Mume hakuwahi kufikiri kwamba huko ni kumnyima mtu. Yeye alidhani kinyume chake, kwamba mwanamume mwenye maneno machache hamsumbui mtu.

Kesho yake akaja jirani mwenye saluni kuchukua gauni lake, lililokwisha shonwa kabla ya mkasa. "Liko kwenye msumari wa nyuma ya mlango," mke alimwelekeza mumewe. "Lile la damu ya mzee." Pale msumarini yalining'inia magauni mawili. Mume aliyaona yote ni mekundu, akatoa la juu.

Haikupita saa, mwenye saluni akarudi, jasho linamtoka. "Shemeji, umenipa gauni la nani? Limegoma mabegani! Nimejifungia chumbani na kitu kisichopanda wala kushuka, karibu niite watu wanikate kwa mkasi!"

Mke aliposikia habari hiyo hakugombeza. Alisubiri mwenye saluni aondoke na gauni lake, akamwambia mume alete gunia la vitambaa vilivyobaki, alimwagie mapajani. Akashika kimoja akakipapasa. "Hiki ni hariri. Rangi?"

"Nyekundu."

"Nyekundu kama nini?"

"Kama... nyekundu nanihii."

"Nanihii sijawahi kuiona. Kama nini ulichokishika kwa mikono yako?"

Mume alikigeuza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. "Kama kutu," alisema mwishowe. "Kutu ya bomba la zamani, ukilikwangua kidogo."

"Basi hiyo si nyekundu hata kidogo, ni hudhurungi. Na hiki?"

"Hiki ni kama kile kidude cha gesi. Ule moto wa gesi."

"Samawati iliyokolea. Hiki?"

"Kilikuwa kama moto wa gesi, lakini kimeoga sana."

Mke alipiga makofi. "Kimechujuka! Hilo ndilo neno lake, kuchujuka. Lakini kuoga sana nako si kubaya, neno hilo nitaliazima kwako."

Walimaliza gunia zima. Mume aligundua jambo lililomshangaza: kuona alikuwa anaona. Tofauti ya rangi aliijua, kama alivyoijua tofauti ya bomba bovu na zima kwa kuligonga tu. Kilichokosekana ni kwamba hakuwahi kuhangaika kukiita kitu kwa jina lake. Siku zote kulikuwa na mtu wa kukiita kwa niaba yake.

Tangu hapo mambo yakabadilika, ingawa si kwa siku moja. Akirudi kazini alianza kwa kusimulia njia. Kituo cha basi watu walikuwa wengi, alisema. Mke akauliza, walijipanga, walizagaa, au walisongamana? Akafikiri, akasema walisongamana, ila mmoja alikuwa amejitenga pembeni anakula andazi kwa kujificha. Kwenye nyumba fulani maji yalikuwa yanatoka ukutani. Yanatokaje? Yanadondoka, yanachuruzika, yanabubujika? Mume akakasirika kidogo: hilo la maji ni lake, la kazi yake, haiwezekani afundishwe. "Yalikuwa yanavuja jasho," alisema. "Ukuta mzima unyevunyevu, hakuna tone." Mke akalionja neno hilo, akasema hajawahi kusikia ukuta ukielezwa vizuri hivyo.

Kazini hawakujua lolote. Huko bado alikuwa anasema nipe nanihii, na bado alikuwa anapewa.

Jicho nalo alilitazama kila alipotia dawa, na mkewe hakumwachia. Leo likoje? Mwanzoni alijibu, "Jekundu." Baadaye akajibu kwamba mishipa imetanda kama nyuzi, ila upande wa puani nyuzi zimepungua. Mke alifurahi kusikia zimepungua.

Kisha ikafika asubuhi ambayo mke aliamka hataki chai.

"Linauma?" mume aliuliza.

"Kuuma liliuma tangu mwanzo. Leo linapwita. Linapiga kama moyo."

Mume alinawa mikono, akafungua bandeji, akamkalisha uso ukielekea dirishani. Alitazama kwa muda mrefu, akapangusa kope, akamwinamisha kichwa upande, akatazama tena. Akafunika tena, akachukua simu akatoka nayo uani.

Ilipokelewa na muuguzi yuleyule, nyuma yake kelele za wagonjwa na vitoroli. Mume alijitambulisha: mume wa yule fundi aliyeingiwa na sindano.

"Eh, nakukumbuka, baba. Kuna nini?"

"Sista, jicho lake lime... lime..." Ulimi ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea. "Limefanya nanihii."

"Limekuwa jekundu?"

"Ndiyo."

"Wekundu ni kawaida kwa kidonda kile, usiwe na hofu. Endelea na dawa, mtarudi siku mliyopangiwa. Haya, baba, nina wagonjwa—"

"Ngoja," alisema mume.

Baadaye hakujua alipata wapi ujasiri wa kumkatiza mtu mwenye haraka. Aliegemea ukuta, akafumba macho ili alione vizuri lile jicho, akaanza.

"Jana wekundu wake ulikuwa wa mishipa, nyuzinyuzi, na katikati yake ulionekana weupe. Leo hakuna weupe. Umeenea wote, umekolea, wa damu ya mzee. Kope la juu limevimba halifunguki mpaka nilisaidie. Anasema linapwita. Halafu kuna kitu kingine, sista. Pale kwenye duara jeusi, kwa ndani, chini yake kuna weupe. Si tongotongo, maana nimefuta na hautoki. Umetuama. Juu yake umenyooka kama mstari, kama mashapo yaliyotuama chini ya tangi."

Mlango ulifungwa, kelele za wodi zikafifia.

"Rudia hapo kwenye weupe," muuguzi alisema, na sauti yake haikuwa ya haraka tena. "Uko juu ya jicho, au ndani?"

"Ndani. Ni kama unauona kupitia kioo."

"Umetuama chini? Una uhakika?"

"Umetuama. Akiinamisha kichwa upande, na wenyewe unahamia upande ule."

"Mlete sasa hivi, baba. Asile kitu. Msipitie popote. Mimi namtafuta daktari."

Jirani mwenye saluni aliwapatia gari la shemeji yake. Njiani mke alikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mume ndiye aliyesema njia nzima: sasa tumefika mzunguko, sasa kuna lori la mchanga mbele yetu, dereva analipita, sasa naliona geti. Alisema kwa sababu alijua akinyamaza mkewe atabaki na lile jicho peke yake.

Ulikuwa usaha, umeanza kujikusanya ndani ya jicho. Daktari alichoma dawa humohumo jichoni na akamlaza mgonjwa. Alipotoka alimwambia mume ukweli bila kupamba: jicho lingepona lakini lisingerudi kama zamani, na kama wangengoja siku ya miadi, pengine lisingekuwepo jicho la kuzungumziwa. Muuguzi alipita akiwa na sinia la sindano, akamgusa mume bega. "Umenieleza vizuri," alisema, akaendelea na safari yake. Wagonjwa walikuwa wengi.

Bandeji ilipoondolewa mara ya mwisho, mume alikuwa amesimama karibu na kitanda ameshika kofia. Mke alipepesa, akasubiri ukungu utulie. Dirisha. Pazia la kijani. Mtu mrefu. Akamwita asogee, asogee tena, mpaka uso wake ukawa karibu kabisa.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo."

"Si kidogo. Mashavu yameingia ndani. Umenihadithia barabara nzima, hadi mtu aliyekula andazi, mbona hukuniambia umekonda hivi?"

Mume aliigeuza kofia mikononi. "Nilikuwa na hofu," alisema. Mke akangoja, hakumsaidia. "Si hofu ya jicho tu. Niliona kwamba ukipofuka utakuwa unakaa pale dirishani, na mimi nitakuwa nachoka kukueleza, halafu siku moja nitarudia kusema mtu tu, mvua tu. Niliogopa nafsi yangu. Chakula kikawa hakipiti."

Mke alimshika mkono, ule mpana wenye makovu ya spana, wakakaa kimya, na kimya hicho hakikumkera hata mmoja wao.

Alirudi kwenye cherehani baada ya miezi, akiwa na miwani minene kama vitako vya chupa. Kutunga uzi hakuwezi tena. Mume humtungia kabla hajaenda kazini, sindano kadhaa kwa rangi tofauti, na huzipanga akizitaja kwa majina. Suruali za dangirizi hapokei. Mteja akiileta humwonyesha fundi mwingine wa mtaa wa pili, na kabla hajamruhusu kuondoka humuuliza kwanza anataka ipindwe vipi, ili akifika kule asibabaike.