Vitabu Vyote Vinaitwa Bata Mzinga

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba jarida letu limepata jengo, na jengo lenyewe halina mlango hata mmoja. Si kwamba uling'olewa. Fundi alisoma kanuni yetu ya kwanza, ile inayosema jarida litakuwa wazi kwa kila mtu na kwa saa zote, akaona mlango wa nini.

Pale ambapo mlango ungekuwepo ameketi kufuli mmoja mkubwa wa shaba, anafuma sweta. Njombe kwetu ni baridi hata ndotoni.

"Shikamoo," nikamwambia, maana alionekana wa siku nyingi.

"Marahaba. Pita tu, mwanangu. Mimi niliajiriwa kabla kanuni hazijapitishwa, basi wamenionea huruma."

Kwa asiyetujua: sisi ni mafundi wa maktaba tisa, wa Tanzania na Kenya, watu wa kutunza katalogi za kompyuta na seva na zile printa zinazotafuna karatasi. Tuliona kila mmoja anahangaika peke yake na tatizo ambalo mwenzake alilimaliza mwaka juzi. Tukasema tuanzishe jarida letu wenyewe, la kusomwa bure na kuandikiwa bure, bila bwana mkubwa juu yake. Tulipoulizana nani awe mhariri, mikono tisa ilinyooka. Tulipoulizana nani aandike, wote tisa tukakumbuka kuna seva inatuita.

Miezi saba, makala nne. Toleo la kwanza linataka tano. Mwachofi, mwenyekiti wetu aliyeko Voi, ametuandikia kwenye kundi kwamba ikifika Ijumaa bila ya tano, tukubali yaishe, tuagane kwa heri. Naye si mtu wa vitisho. Ni mtu wa kuomba radhi hata kwa printa. Ndiyo maana nililala na mawazo. Ya tano ninayo mimi, na sitaki kuiandika.

Ndani ya jengo kuna meza, na juu ya meza kuna mizani ya dukani, ile ya kupimia maharage. Mwachofi amesimama kando yake, kavaa suti na kandambili.

"Subilaga, umeleta?"

"Nimeleta," nikasema, nikamkabidhi kurasa ishirini na mbili zenye kichwa *Nafasi, Umuhimu na Umuhimu Zaidi wa Teknolojia katika Maktaba*.

Kanuni yetu ya pili inasema makala iwe na uzito. Mwachofi anaiweka kwenye mizani. Mshale hautikisiki. Anaongeza viambatisho. Mshale unarudi nyuma kidogo.

"Msinielewe vibaya," mizani ikasema, "lakini hamjaniwekea kitu."

"Kuna marejeo arobaini humo!"

"Nimeyaona, dada. Nayo pia si kitu."

Mara tukasikia mtu anagonga hodi. Kwa kuwa mlango haupo, aligonga kichwa cha kufuli. Vilikuwa vitabu vya maktaba ya chuo chetu, elfu moja na mia tisa, vimepanga mstari kwa namba zao, maana hata kwenye hasira kitabu cha maktaba hakiruki foleni. Kufuli akaweka sweta chini, akafungua daftari la wageni.

"Jina?"

"Matunzo ya Bata Mzinga Wakati wa Masika."

"Karibu. Na wewe, jina?"

"Matunzo ya Bata Mzinga Wakati wa Masika," ikasema atlasi ya dunia.

"Matunzo ya Bata Mzinga Wakati wa Masika," kikasema kitabu cha ukunga, kwa uchungu.

Kufuli akashusha miwani. "Ninyi ni ndugu?"

"Muulize yule dada," atlasi ikasema, ikanielekea mimi.

Nikatazama chini. Sina budi kueleza, ingawa uso unaniwaka.

Machi mwaka jana kitabu kimoja cha bata mzinga kilikuwa kimekosewa jina kwenye katalogi. Nikaingia nilirekebishe. Pale pa kuchagua kitabu nikaweka alama kwenye "vyote", tena si kwenye nakala ya majaribio, kwenye katalogi yenyewe, kwa haraka ya kuwahi chai. Kufumba na kufumbua, vitabu vyote vya chuo vikapata jina moja. Nakala rudufu ilikuwepo, ndiyo. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma, na diski yake nilikuwa nimelizuilia dirisha lisigonge.

Aliyeniokoa ni Mama Skolastika Mgaya, karani wa katalogi kwa miaka thelathini na moja. Ni mimi niliyekuwa nimeandika barua kwamba kadi zake za zamani zitupwe, kwa kuwa tumeingia kwenye kompyuta. Hakuzitupa. Alizificha kwenye maboksi ya karatasi za printa, chini ya meza yake, akawa anawekea miguu. Siku ile aliniangalia nikilia, akalivuta boksi la kwanza kwa kisigino, akasema, "Tuanze na A." Wiki tatu tukachapa, yeye anasoma, mimi naandika. Wanachuo tuliwaambia mtandao unasumbua. Mkuu wa chuo hajui mpaka leo. Na kwenye ripoti ya mwaka niliandika kwamba katalogi imeboreshwa, nikaweka jina langu peke yangu.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Sasa tuko kwenye bwalo la chuo. Hakuna aliyehama, bwalo ndilo lililokuja, na maharage yake yananukia. Mwachofi anatangaza kwamba ni wakati wa uhakiki. Kanuni ya tatu inasema mwandishi asimjue mhakiki wala mhakiki asimjue mwandishi, kwa hiyo ananivika bahasha ya kaki kichwani, anaigundisha shingoni, huku akiniomba radhi. Nasikia mtu mwingine akikalishwa mbele yangu na kuvikwa yake.

"Mwandishi," mhakiki akasema ndani ya bahasha, "hii ya kurasa ishirini na mbili sijaisoma, na hakuna mtu atakayeisoma. Nieleze ile nyingine."

"Ipi?"

"Usinichoshe."

Nikaeleza. Nikaeleza alama niliyoweka, chai, diski ya dirishani, barua ya kutupa kadi. Nilipofika kwenye maboksi, nikasikia mizani inaanza kulia chuma kwa chuma. Nilipofika kwenye ripoti ya mwaka, meza ikavunjika mguu.

"Msiniongezee hata punje ya harage," mizani ikahema. "Hii inatosha."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya foleni. Ilikuwa ya kile kitabu chenyewe, cha bata mzinga cha kweli.

"Naomba kusema. Miaka kumi na minne nilikaa kwenye rafu, hakuna aliyeniazima. Wiki zile tatu niliazimwa mara nne, na nilikuwa na ndugu elfu moja mia nane tisini na tisa. Ninyi mnaita kosa."

Atlasi ikasogea, ikakipa nafasi ya kukaa. Hakuna aliyekiambia kirudi kwenye namba yake.

"Basi nahukumu," mhakiki akasema. "Makala ni nzuri. Mafundi wengine wataisoma, na keshokutwa mmoja wao atainua kidole kabla hajabonyeza. Sahihisho ni moja. Mwandishi wa kwanza hayupo."

"Nipo hapa."

"Wewe ni wa pili."

Sauti ile niliisikia wiki tatu ikinisomea kadi, kuanzia A. Lakini kanuni ni kanuni: sikuruhusiwa kumjua. Nikakaa simjui, machozi yananilegezea gundi.

"Mhakiki nisiyemjua," nikasema, "nisamehe."

"Mwandishi nisiyemjua, nilishakusamehe tangu boksi la pili. La kwanza nilikuwa nimekasirika sana."

Nikazinduka. Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi. Nikavaa sweta, nikapiga simu kabla moyo haujabadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Subi. Seva imekufa?"

"Haijafa. Nataka kuyaandika yale ya Machi kwenye jarida. Yote. Na lile ni jarida la wazi, Mkuu naye atasoma. Jina lako litatangulia, langu lifuate. Kama ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo."

Namsikia anapuliza chai.

"Watakufukuza?"

"Sijui, mama. Naogopa."

"Wakikuita ofisini, tunaingia wawili. Hizo kadi zilikuwa chini ya miguu yangu, si yako." Akanywa kidogo. "Na jina langu liandike mara moja tu, lisije likaenda kwa vitabu vyote."

Nikacheka mpaka nikalia. Nikamwambia ninampenda, jambo ambalo hatujazoea kuambiana kazini. Akaguna, akasema niache maneno mengi nikaandike, kesho ndiyo Ijumaa.

"Lakini Subi."

"Abee, mama."

"Mwambie yule baba wa suti na kandambili, siku nyingine bahasha zake azitoboe matundu ya pua. Nimeamka na gundi shingoni."