Mkorosho Wenye X

…na X si ndiyo ya kukata, anasema Kadii, shoka begani, nyumba za barabarani si zilipakwa X zikavunjwa, Mama Pola, au hukuziona, na niliziona, nani hakuziona, nimesimama na mkebe wa rangi mbele ya mkorosho mkavu katikati ya mivinje ya watu, X yenyewe ni yangu, wiki iliyopita Japheth msimamizi wa shamba hili aliniambia niitie alama miti iliyokufa, hakusema alama gani, wala sikuuliza, nikatia X kwa kuwa ni mistari miwili tu na jua lilikuwa kali, kumbe alitaka ibaki imesimama, ina ndege, ina wadudu, ina uyoga, mti uliokufa una wakazi kuliko ulio hai, alisema, sawa, lakini kwetu mti ukikauka hauitwi mti tena, unaitwa kuni, mama yangu aliuita kuni ungali umesimama, na mitatu imeshakwenda jikoni kwa X yangu, ukienda wa nne, Japheth kaniambia asubuhi, na wewe utaufuata, basi nimekuja na rangi nyeupe niifute X nitie duara, alama ya kuuacha, nikamkuta Kadii… umenyamaza, anasema, mkubwa wa mivinje, siku hizi hata kusema nasi huwezi, siku hizi, yeye ndiye wa kusema siku hizi, tangu nipate kazi hii yeye na wenzake hawanipitii tena kwenda kuni, alfajiri nasikia vicheko vyao vikipita nyuma ya choo changu na sauti yake imo, na Baba Pola mwaka wa tatu yuko Mombasa na simu haipatikani, watoto wakilala sisikii ila maji yakichemka jikoni, basi… nikisema neno moja tu, kata, na kesho wananipitia… juu kule tunduni kuna hondohondo jike, ndege yule wa mdomo mkubwa, amejiziba humo kwa udongo pamoja na mayai yake, umebaki mwanya wa mdomo, Jumatatu nilimwona dume akimpitishia tunda, sikumwonea huruma, niliwaza tu, huyu analetewa… na shoka likianza yeye hana pa kutokea… Kadii anabadilisha bega, anasema haya, mimi nangoja, na kweli anangoja, jua limeshapanda, hao wengine waliikata ile mitatu bila kumuuliza mtu, X iliwatosha, huyu amekuja peke yake, hana hata kamba ya kufungia mzigo, shina halina hata alama ya shoka, mtu aliyetaka kuni angekuwa ameshakata, huyu amenijia mimi… rangi inanidondokea kwenye kandambili, na yeye bado amesimama, shoka begani, ananitazama.