Mfumo Unauliza Mara Moja

...na hapana yake yenyewe ilimtoka kwa sauti tamu, hicho ndicho kilichomkera Arlys kuliko yote, "aa, hapana, Verlyn, usijisumbue," kama mtu aliyekaribishwa kipande cha keki, na Verlyn Haugen, meneja wa benki, mzee wa kanisa, mtoto wa shamba la jirani, akabonyeza kitu kwenye kompyuta, tik, na ile nafasi aliyokuwa amemkaribisha, ya kufutiwa makato yote ya benki, ikapeperuka hivyo, kama nzi aliyefunguliwa dirisha, na sasa printa ya kule pembeni inatapika karatasi za mpango wa kulipa deni, polepole, inakohoa kati ya ukurasa na ukurasa, naye Arlys ameketi kwenye kiti cha wateja na koti lake mwilini, maana hapa Minnesota ukivua koti umetangaza kwamba unalala... "Mfumo unauliza mara moja tu, dada Arlys," Verlyn anasema, macho kwenye skrini, "ningependa iwe vinginevyo, lakini ukishakataa, unafunga," mara moja, nani katika wilaya hii anauliza mara moja, hata mbwa wa hapa huitwa mara tatu ndipo asogelee bakuli, ukikaribishwa chakula, ya kwanza unakataa kwa adabu, ya pili unakataa huku unatazama sakafu, ya tatu unasema haya basi, kidogo tu, na unajaziwa sahani, mama yake alimfinya paja mbele ya wageni alipokuwa mdogo kwa kudaka biskuti ilipotajwa tu, walipofika nyumbani akaambiwa unataka watu waseme kwetu hatuli, na paja lile halikusahau, paja lile ndilo lililojibu leo, si yeye.

Na Verlyn anajua, hapo ndipo penyewe, angekuwa mgeni kutoka Chicago angemsamehe, lakini huyu, huyu aliyeingia jiko la kanisa Krismasi iliyopita akinusa chapati zake za viazi, lefse zilizopakwa siagi na kunyunyizwa sukari, aa hapana Arlys, nimeshiba, aa hapana, kweli kabisa, haya basi, moja, akala mpaka akalegeza mkanda mbele ya mchungaji, je, angemwambia siku ile samahani ndugu, sinia limeshafunga... "Sasa ukiangalia hapa," anasema, anamgeuzia skrini kidogo, kidogo tu, kama mtu anayeonyesha kovu, "bili ya gesi ndiyo iliyotangulia kulipwa."

"Mayai nilinunua asubuhi. Gesi iliingia jioni."

"Ni kweli. Lakini mfumo unapanga kubwa kwanza. Ni kwa faida ya mteja."

Faida ya mteja, loo, gesi ikaingia kwanza na tumbo lake, ikala kila kilichokuwemo kwenye akaunti, kisha wadogo wakaja mlangoni mmojammoja, mayai, petroli, dawa ya kikohozi, na kila mmoja akapigwa faini ya dola thelathini na tano kwa kosa la kukuta sufuria tupu, ungewatanguliza hao wadogo wote wangeshiba na gesi peke yake ingelala njaa, faini moja, lakini hapana, mayai yakawa ghali kuliko kuku aliyeyataga, halafu makato yakazaa makato, kila siku akaunti ikiwa chini panaongezwa kingine, na mshahara wake wa Ijumaa, wa kuwapikia watoto wa shule ya msingi, utaangukia humohumo, Verlyn amesema "utaziba," neno la fundi bomba, na kwake mshale wa tangi la gesi ya kupashia nyumba joto umelalia nyekundu, ile iliyolipwa ni ya Desemba, ilishakuwa moshi, mshahara wa Ijumaa ndio ulikuwa wa kujaza tangi, Januari ndiyo kwanza inakunja mikono ya shati... atalala na buti, sawa, atalala na kofia ya marehemu mumewe, Orrin, lakini huyu, huyu lazima apate chake, amkwaruze gari, hapana, utoto huo, aandike gazetini, nani atasoma, wote wana mikopo kwake...

"Na kuhusu Jumamosi, dada," Verlyn anasema, sauti imeshuka, "tunashukuru mno. Mama alikuwa anasema, siku yangu Arlys ndiye apike."

Jumamosi. Mazishi ya mama Gudrun, mzazi wa Verlyn, na jiko ni la Arlys, miaka yote hii maiti wa kanisa lile huzikwa na mchungaji lakini waliobaki huzikwa shibe na Arlys, na mezani familia hutangulia, ndiyo desturi, ila mtu angeweza kupanga foleni kwa mfumo, wakubwa kwanza, wale ndugu wanne wa Tollefson wenye mashingo ya fahali, wapite, wafagie, kisha familia ifike ikute majani ya saladi, kwa faida ya mteja... hapana, mama Gudrun hakumkosea, watu wangesema, na Verlyn angepata la kulalamikia, hapana, iwe kitu kidogo, safi, kisicho na doa, na hapo kikamjia, kizima, mpaka vidole vyake vya miguu vikapata joto ndani ya buti.

"Karibu pipi," Verlyn anasema, anasukuma bakuli la pipi za mnanaa, na kabla halijamfikia mkono wake umeshaanza kulirudisha, maana anajua jibu, kila mtu anajua jibu.

"Ndiyo," Arlys anasema.

Mkono unaganda. Verlyn anamngojea aongeze ule wimbo, aa hapana, usijisumbue, lakini Arlys amelishika bakuli ukingo wa pili, anachukua moja, anachukua tano, anazitia mfukoni bila asante, paja lake limenyamaza kimya, na kumbe ni rahisi hivi, na printa inakohoa, ukurasa mwingine unatoka, deni ni lilelile, na anamtazama Verlyn kwa upole kama anavyotazama unga ulioumuka vizuri, akimwona Jumamosi, amevaa suti nyeusi, macho mekundu, ana njaa, sinia la lefse likifika mbele yake, moto, siagi inatiririka, naye atasema aa hapana Arlys, nimeshiba, na sinia litasema sawa, Verlyn, na litapita.