Kilomita ya Arobaini na Moja

Zefania alikuwa zamu tangu jana alfajiri, maana mwenzake Gaspari alilazwa kwa malaria, na kituo cha kupozea umeme hakiachwi bila mtu. Macho yalimuwasha kama yametiwa mchanga.

Saa nne asubuhi king'ora kikalia: laini ya Iguguno imekatika. Rilei, ile mashine inayoonja hitilafu na kuukata umeme kabla mtu hajapepesa jicho, ilikuwa imeukata, ikajaribu kuurudisha yenyewe, ikaukata tena. Kwenye kioo chake iliandika: waya mmoja umegusa ardhi, kilomita arobaini na moja.

Simu ikaita. Alikuwa Benson, msimamizi wake, mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, mzee. Washa tena. Wakubwa wananipigia."

"Marahaba. Siwashi mpaka laini ikaguliwe."

"Labda ni ndege tu katua."

"Ndege angeshaungua akadondoka. Hitilafu hii bado ipo."

Benson alipiga mara nne. Zefania alijibu yale yale, sauti ikizidi kufifia. Mara ya mwisho alitishiwa barua ya kujieleza. Uchovu ulimshawishi: kubonyeza kitufe tu, na simu ingenyamaza. Akasogeza kiti mbali na meza ya swichi.

Dina, fundi wa laini, alikuwa ameshaondoka na pikipiki kwenda kuikagua. Saa sita kasoro akapiga, anahema.

"Baba Eliana, umewasha?"

"Sijawasha," Zefania akajibu.

"Usiwashe! Waya umelala kwenye shamba la alizeti. Umeua ng'ombe wawili. Nimemkuta mwenye ng'ombe kaushika kwa mikono yote miwili, anautoa shingoni mwa ndama!"

Zefania akasimama. "Yu hai?"

"Mzima kabisa. Ananigombeza kwa Kinyiramba, eti kwa nini nampigia kelele."

Zefania akaweka simu mezani, akainamisha kichwa.

Mafundi waliunga waya. Saa kumi na moja jioni akawasha, laini ikashika. Barua ya Benson ilikuja hata hivyo, ikimtaka aeleze sababu ya kuchelewa. Aliandika mistari mitatu. Nguvu ya kuandika wa nne hakuwa nayo.

Nyumbani, mkewe Yasinta alimwandalia ugali na mlenda. Alipogeuka kuchukua maji, Zefania alikuwa ameshalala palepale kitini, tonge mkononi.